Epua, Teleka

Kwanza niwaweke sawa. Hapa mtaani kwetu Chumbageni kuna watu wanasema Bi Mwatum siku hizi anapika kwenye televisheni. Waache waseme, midomo ni yao. Ile si televisheni, ni maikrowevu, na anayepikia humo ni mie, mzaliwa wa Konde, Pemba, niliyeolewa Tanga nikapika arusi za watu mpaka nikapoteza hesabu. Wali wangu punje haishikani na mwenziwe. Mchuzi wangu wa tui ulishawahi kumrudisha mume wa mtu kutoka mlangoni na begi lake mkononi. Najisifu? Ndiyo, najisifu! Usipojisifia jikoni kwako utajisifia wapi?

Haya, sikilizeni mkasa wenyewe.

Mwezi wa Shaabani nilianguka jikoni. Nilikuwa nimeinama napuliza makaa, kifua kikabana, nikaona giza, nilipozinduka niko hospitali na mpira puani. Daktari akasema ule ni moshi wa miaka hamsini. Akaniambia, "Bibi, ukirudi kwenye makaa na kuni, mara nyingine hatutakuwahi." Mume wangu Shaame alikuwa amesimama pale pale. Yule bwana si mwingi wa maneno, lakini akisema kasema. Tulipofika nyumbani akala yamini mbele ya mwanetu Abass, kwamba siku nitakayowasha makaa tena, siku hiyo hiyo tunafunga nyumba, tunahamia Dar es Salaam kwa Abass.

Mtaniuliza, na gesi je? Gesi Shaame hataki hata kuisikia, tangu moto uliposhika jiko la jirani mwaka juzi. Alisema mtungi hauingii mlangoni mwake yeye akiwa hai. Basi Abass, mtoto ana huruma yule, akanunua maikrowevu, akaiweka juu ya meza karibu na dirisha, akasema, "Mama, hii ya kupashia tu. Chakula mtakuwa mnanunua."

Kupashia! Mie Mwatum nikae nipashe mapishi ya watu!

Tulikula vya kununua miezi miwili. Mchuzi maji, wali mawe. Shaame hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma. Anakula matonge matatu, ananawa, anasema "Alhamdulillahi," anaondoka zake kwenda kulala. Kanzu ikaanza kumpwaya mabegani. Mwanamume niliyemlisha miaka arobaini na moja ananikondea mbele ya macho, na banda langu la jiko kule uani limepoa, sikanyagi. Hata kuku wangu mweusi siku za mwisho alikuwa haonekani, nikasema naye kahama, kafuata nyumba zenye makombo.

Siku moja nikasema potelea mbali, nitapika kwa hiyo hiyo mashine.

Lo! Wiki ya kwanza ilikuwa fedheha tupu. Wali ulifoka ukamwagika, sahani ile ya kuzunguka ikakwama. Samaki alipasuka humo ndani, pa! pa!, nikakimbilia sebuleni nikidhani kuna vita. Nikasema labda chombo ndicho kibaya, nikatia bakuli langu la arusi, lile lenye ukingo wa dhahabu ambalo hata wageni walikuwa wanalitazama tu kabatini. Zikaruka cheche, ukingo ukageuka mweusi wote. Nililia, sifichi. Miaka arobaini na moja bakuli halijawahi kupata ufa, leo nimelichoma mwenyewe kwa mkono wangu.

Lakini hayo yote si kitu mbele ya tui. Tui langu lilikatika. Asiyejua nimweleze: tui likikatika mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini, katikati yanaelea mabonge mabonge. Kwetu Pemba mwanamke tui likimkatikia hapeleki sufuria ile mbele za watu, bora akope mchuzi kwa jirani. Mie nililipeleka, nilikuwa sina kingine. Shaame akala matonge yake matatu, akasema "Alhamdulillahi." Ningefurahi zaidi angenitukana.

Pale nyumbani nina mpangaji, Brightness, binti wa Kilutheri, wazazi wake wako Amani huko milimani. Msichana ana adabu, haingii bila hodi na haondoki bila kuaga. Ndiye aliyenifundisha mashine, maana huko chuoni walikuwa nayo. Ina swichi mbili za kuzungusha. Akaniambia, "Bibi, ya chini hii ndiyo dakika, unazungusha basi. Hiyo ya juu haiguswi, iache ilivyo." Na ilivyo ilikuwa imeelekea kwenye nguvu zote. Kumbe watu wote ndivyo wanavyofanya, nimeuliza hadi mtaa wa Nguvumali. Mtu ana mashine mwaka wa tano, swichi ya juu hajawahi kuigusa.

Jumatatu moja Abass akapiga simu.

"Mama, shikamoo. Ijumaa nakuja na gari. Nimeongea na baba, naona mnakonda tu hapo. Jumamosi tuondoke wote, mje huku mpumzike."

Kupumzika! Akufukuzaye hakwambii toka. Nyumba hii tumeijenga tofali kwa tofali, wanangu nimewazalia humu, mnazi ule wa uani nimeupanda mie kwa mkono wangu, leo niufungie geti nikakae ghorofani kwa mkwe, nikiletewa chai na mfanyakazi? Damu ikanipanda.

"Abass," nikamwambia, "baba yako kakubali?"

"Baba anasema chakula ndicho tatizo, mama. Anasema wewe bila jiko unakufa, na ukiwasha jiko unakufa vile vile. Bora mhame."

Lilikuwa neno la kweli. Kisha kiburi changu kikanitangulia. "Sikiliza. Ijumaa mkitoka msikitini utakula kwangu. Wali wa nazi na mchuzi wa nguru wa tui zito, nimepika mie, bila moshi. Kikiwa kibaya kanga zangu nitazifunga mwenyewe, wala hutanisikia kusema neno. Kikiwa kizuri, gari lako lirudi kama lilivyokuja."

"Mama, ile mashine..."

Nikakata simu. Mwatum, nikajiambia, umetia nyumba yako rehani kwa tui ambalo juzi tu limekatika.

Jumanne asubuhi nikamgongea Brightness kabla hajaenda kazini. Nikamwambia, "Mwanangu, nisomee hii swichi isiyoguswa."

Akainama akasoma. "Wameandika nguvu, bibi. Kubwa, ya kati, ndogo. Na hapa katikati kuna vialama vingine."

"Tia kwenye ndogo. Weka glasi ya maji humo tuione."

Akaweka. Mashine ikanguruma kidogo, halafu ngurumo ikakata. Taa inawaka, sahani inazunguka, lakini ule mvumo wa kazi haupo. Baadaye kidogo ikanguruma tena. Ikakata tena.

"Mama yangu!" Brightness akashika kichwa. "Bibi, imeharibika. Inazima zima. Nimpigie fundi?"

"Hebu nyamaza kwanza."

Nikachukua tasbihi yangu nikakaa kwenye kigoda mbele ya mashine. Nikawa nahesabu kwa punje. Ngurumo punje sita, kimya punje kumi na nne. Ngurumo sita, kimya kumi na nne. Haikukosea hata mara moja. Nikamwambia Brightness atie ya kati: ngurumo kumi, kimya kumi. Akatia kubwa, nikamaliza tasbihi nzima bila mashine kunyamaza. Brightness ananitazama mie, anaitazama mashine, kazini keshachelewa.

Na hapo, wallahi, nikamwona marehemu mama yangu. Nilimwona Konde, kwenye mafiga yake matatu, kuni za mkarafuu zinawaka. Moto wa kuni ukishakolea hauna adabu, huwezi kuuambia punguza. Sasa mama akimimina tui zito alikuwa anafanyaje? Hakuwa anapunguza moto. Alikuwa anashika sufuria kwa matambara mawili. Tui likianza tu kutetemeka ukingoni, anaepua, anakoroga. Anateleka. Anaepua tena. Nilikuwa na miaka minane, ananiambia, "Epua, teleka, Mwatum, epua, teleka. Tui haliogopi moto mkali, linaogopa moto usiopumzika."

Nikasimama pale kwenye kigoda nikapiga kigelegele. Brightness akaruka.

"Haikuharibika hii! Inaepua na kuteleka!"

"Bibi, kitabu chake hakijasema hivyo."

"Kitabu kimewahi kupika?"

Moto wa mashine ni ule ule mmoja, jamani, ila swichi ya juu ndiyo inayoamua utapumzika mara ngapi. Na siye tulikuwa tumeiacha kwenye nguvu zote, inavuma bila kupumzika, halafu tunashangaa samaki akipasuka. Ngoma ikivuma sana hupasuka, nani asiyejua hilo? Nilikuwa nalijua tangu utotoni, ila nikaona mashine nikadhani ni elimu ya wengine.

Nikatoa kichupa changu cha piko, kile ninachochorea maharusi, nikapiga nukta kwenye swichi. Nukta nne kwenye nguvu zote: huo moto wa kuchemshia, wa maji na chai, na wa kuanzia wali. Nukta tatu, chini yake kidogo: moto wa mboga na wa kupashia, maana kiporo ukikipasha kwa nukta nne pembeni kinakauka na katikati baridi. Nukta mbili pale kati: moto wa mchuzi na samaki, na wa kuivishia wali ukishachemka. Nukta moja: moto wa tui. Brightness akacheka, akasema mashine imetiwa hina, sasa tuitafutie mume.

Jumatano nikajaribu, nikakosea. Nguru nilimtia nukta tatu kwa tamaa ya kuwahi, akatoka mkavu, ukimtafuna analia. Alhamisi nikamtia mbili, akatoka laini na vipande havikuvunjika. Tui nilijaribu mara tatu, kikombe kimoja kimoja. Majaribio yote alikula Brightness, mpaka Alhamisi jioni akaniambia, "Bibi, kesho asubuhi nafunga, na si Kwaresma wala Ramadhani."

Ijumaa ikafika. Brightness aliomba ruhusa kazini, akasema hawezi kukosa. Alfajiri nikamtuma anunue nguru mbichi wa kukata, nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi mbili za mnazi wangu mwenyewe. Nikakamua, tui la kwanza zito nikaweka pembeni, la pili jepesi nikatilia wali. Shaame alinipita akienda kuoga, akaniona nakuna. Aliponiaga kwenda msikitini aliniangalia sana. Nikajua anawaza makaa.

Mashine ni moja na ndogo, kwa hiyo mambo yanakwenda kwa zamu. Wali kwanza, kwenye bakuli la kioo refu nililolifunika sahani: nukta nne mpaka ukachemka, nikarudisha nukta mbili, dakika kumi na tano, kisha nikaufunga na kanga mbili ujimalizie wenyewe. Halafu nguru na ndimu, kitunguu, bizari na tui jepesi lililobaki, nukta mbili. Alipoiva nikazima, nikamwacha kwanza apoe kidogo. Tui zito halitiwi kwenye kitu kinachotokota.

Nikamimina tui, nukta moja. Na hapo hapo nikasikia geti.

"Hodi! Mama, tumefika!" Abass huyo. "Njaa inaniua!"

Sasa mjue, katika maisha yangu sijawahi kumkalisha mgeni akiwa na njaa. Kwetu mgeni akivua viatu, sinia liko chini. Na mashine kwa nukta moja inatambaa: inanguruma kidogo, inanyamaza, inanguruma kidogo. Nafungua, nakoroga, nafunga. Sebuleni nasikia Abass anamwambia baba yake kwamba gari ameliacha kivulini na viti vya nyuma amevilaza ili vitu vipate nafasi. Vitu! Keshatupanga!

Brightness akaninong'oneza, "Bibi, wamekaa. Tupandishe mpaka mbili, yaishe haraka," na mkono wake ushafika kwenye swichi.

Nikampiga kofi mkononi. "Toa! Kwa nukta mbili nitamaliza sasa hivi, halafu kesho niko Dar."

"Lakini wanasubiri."

"Wasubiri! Abass alinisubirisha miezi tisa, sikumwambia aongeze nguvu."

Nilisema hivyo, lakini kidole changu mwenyewe kilikuwa kinaniwasha kuigusa ile swichi. Nikashika tasbihi ili mkono upate kazi. Punje sita, punje kumi na nne. Fungua, koroga, funga. Abass akakohoa kule sebuleni kikohozi cha njaa. Punje sita, kumi na nne. Mara ya tano nilipofungua tui lilikuwa limenenepa, linatetemeka ukingoni, jeupe lenye umanjano wa bizari, halina bonge hata moja. Nikachovya kidole nikaonja. Macho yakanijaa machozi, nikamwambia Brightness ni pilipili.

Tukaandaa. Wali ulipofunuliwa kila punje imesimama peke yake. Abass akatia tonge mdomoni, akafumba macho, akasema, "Eeh, mama!" kama alivyokuwa akisema akitoka shule.

Shaame alitia tonge moja. Akatafuna polepole. Akatia la pili akalichovya kwenye mchuzi, akalitazama, akalila. Kisha akaacha, akaweka mkono juu ya goti na kunitazama, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Mwatum. Umewasha makaa."

"Sikuwasha."

"Chakula cha mashine nimekila wiki hizi zote, nakijua. Tui hili halikukatika. Mkono huu ni wa jikoni." Sauti ilikuwa inamtetemeka, na ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa hasira, alikuwa na hofu. "Nilikuapia. Unataka kufa kwa ajili ya mchuzi?"

"Baba," Abass akasema, "subiri kwanza..."

Hakusubiri. Akanyanyuka bila kunawa, akaenda uani moja kwa moja hadi kwenye banda. Brightness akataka kumfuata akamweleze, nikamzuia. Nikasema mwache akaone kwa macho yake, mie sibembelezi mtu kuamini mkono wangu. Tukasikia mlango wa banda unalia. Halafu tukasikia kuku anapiga kelele, na Shaame naye anapiga kelele, "Aa! We mwanaharamu!"

Alirudi ameshika kidole. Kinatoka damu kidogo, na mkono wote una majivu, majivu ya zamani, baridi. Akasimama mlangoni.

"Yule kuku mweusi," akasema.

"Yuko wapi?" nikauliza. "Nilidhani kahama."

"Yumo ndani ya jiko lako la makaa. Kalalia mayai. Nimetia mkono nijue kama kuna moto, kanidonoa."

Hakuna aliyecheka. Yaani Brightness alitaka, akajiziba mdomo na ushungi alioazima kwangu kwa heshima ya Ijumaa. Shaame akaenda akanawa mikono, akarudi akakaa pale pale alipokuwa. Hakuniomba radhi, si desturi yake, na mie sikumdai. Akavuta sahani karibu, akala. Alikula kama alivyokuwa akila zamani, ameinama, hasemi na mtu, mchuzi ukimfika kwenye kifundo cha mkono. Akamaliza, akasukuma sahani kwangu.

"Nitilie tena."

Nikamtilia. Abass alikuwa anatuangalia kwa zamu, mie na baba yake, tonge limemkaa mkononi.

"Abass," Shaame akasema bila kuinua kichwa. "Hilo gari lako, viti vimekunjwa?"

"Nimevilaza, baba. Kwa ajili ya mizigo yenu."

"Viinue. Huyo kuku akishatotoa, uje ulibebe lile jiko la makaa, ukampe anayelihitaji. Hapa halina kazi tena."

Nilikuwa na maneno, jamani, nilikuwa nayo tele, nilikuwa nimeyaweka tangu Jumatatu. Hata moja halikutoka. Niliinama nikawa napanga vijiko ambavyo havikuhitaji kupangwa, na Brightness akaniuliza kwa sauti iwapo pilipili imeniingia tena machoni.

Shaame alikula sahani ya pili, akakwangua, akaisukuma tena kwangu. Ya tatu alipoimaliza ndipo akanawa, akasema, "Alhamdulillahi."